Ndimu kwenye Karatasi ya Grafu

Bongwe,
Kupitia Ukunda.
12 Septemba 1998

Mpendwa Kaka Boga,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Kabla sijakuuliza afya yako na joto la Maskati, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mama yako ana uvimbe kwenye titi, nami naujua tangu Januari.

Niliuona nikimfunga leso, siku zile alipovunjika mkono. Ulikuwa mdogo kama tunda la kunazi. Aliniapisha kwa msahafu nisimwambie mtu, na wewe hasa. "Asije akaacha kazi akarudi kunizika na hali sijafa." Nikaapa.

Sisi wengine hatujambo. Shule yetu imepewa kompyuta, na Mwalimu Absalom wa hesabu hunifungulia ofisi saa ya mapumziko, kwa kuwa sichezi na wenzangu. Ana kitabu kinachoeleza jinsi ya kuifanya kompyuta iigize saratani inavyokua: kila mraba ni chembe hai, na chembe ikipata nafasi pembeni hugawanyika. Niliiandika programu hiyo, nikaongeza dawa ya kuua chembe kila wiki tatu. Wenzangu walichungulia dirishani. "Njooni muone, Nimwaka anafuga majipu kwenye televisheni!"

Vipimo sikuwa navyo, maana mama yako hakubali kutazamwa na daktari. Mwezi uliopita nilitafuta ndimu iliyolingana na uvimbe ulivyo sasa, nikaizungushia penseli kwenye karatasi ya grafu, nikahesabu miraba. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa kunazi, kama ulivyokuwa Januari.

Dawa ikianza kwenye kunazi, kioo cha kompyuta hubaki kitupu karibu kila mara. Ikianza kwenye ndimu, chembe hupungua, unafurahi, halafu hujaa tena mpaka ukingoni. Nilirudia mara ishirini. Ni mara mbili tu chembe zilipokwisha.

Mwalimu alisema huo ni mfano wa kubahatisha, si daktari. Najua. Lakini miezi ile niliyonyamaza ni ya kweli.

Nilimweleza shangazi, mama yako. Hakuacha kukuna nazi.

"Mashine yako imenizika lini?"

"Shangazi, kama ningesema Januari..."

"Ndiyo maana nilikuapisha wewe. Mwengine angesema."

Hospitali haendi. Nimemsihi mpaka nimechoka. Maneno yako tu ndiyo huyasikia, kaka. Njoo, au piga simu dukani kwa Mzee Matano, nitamleta nimemshika mkono. Mara mbili katika ishirini si sifuri.

Baba na mama wanakusalimu, na mdogo wangu Kombe anauliza kama bado unamkumbuka. Mola akuhifadhi ugenini na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinichukia,
Nimwaka

Nimesahau hili. Kiapo nilikuwa nakwenda kukivunja, na sina cha kulisha masikini kumi, kwa hiyo nilifunga siku tatu kuwa kafara. Jana nilifuturu. Leo nikamsomea mama yako barua hii yote, hata zile hesabu. Alinizaba kofi, miwani ikaanguka. Nilipokuwa nikiitafuta sakafuni, akauliza kama nimekutilia salamu zake.

Nimezitia hapa. Naenda posta.