Saa Iliyotoka Lubarika

Nyamianda, Uvira
Jumapili, tarehe 14 Machi 1999

Mpendwa dada yangu Sidonie,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji Bertrand na huyo Bella wako ambaye nasikia sasa anajua kuandika jina lake mwenyewe. Hamjambo huko kwenye kambi ya wakimbizi? Kifua chako je, vumbi la huko limekionea huruma kidogo? Na nyumba, mmemaliza kupiga matofali au bado mnalala chini ya plastiki mkisikiliza mvua? Sisi tuko salama. Mama ni mzima, anakula, anakaripia. Louise wangu ni mzima na tumbo lake la miezi saba. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia saa za watu mchana kutwa, lakini huo si ugonjwa, ndiyo kazi niliyoichagua.

Najua unavyosoma barua, dada. Salamu unaziruka kama mtu anayeruka tope. Basi ukiruka, tua hapa: ile habari tuliyokutumia kwa mdomo wa mfanyabiashara, kwamba kaka Onesphore amekufa, ilikuwa kosa letu. Hatujui kama amekufa. Futa machozi kwanza. Na kama umeshanyoa nywele, nisamehe, zitaota.

Sasa kaa chini nikueleze, maana kosa lilianzia kwenye saa, na katika saa hiyo mimi nina dhambi ambayo sijamwambia hata padri.

Unakumbuka kaka alikuwa Luberizi kwenye mpunga wakati vita vilipofika kule mwezi wa kumi. Kila mtu alikimbia na njia yake, wengine milimani, wengine wakavuka mto Ruzizi. Tangu siku ile hakuna aliyemtia machoni. Miezi mitano Mama amekuwa akisema juu ya kaka, "Iko njiani," na sisi tunaitikia, "Iko njiani, Mama."

Jumatatu tarehe mosi akaingia Sévère, yule anayeleta mchele kwa baiskeli, rafiki wa kaka. Hakutaka kukaa. Alitoa saa mfukoni akaiweka mezani, akaanza kulia kabla sisi hatujaelewa kitu. Alikuwa ameipata kijijini Lubarika kwa mama mmoja mkulima. Watu wa kule waliokota maiti ya kijana kando ya shamba mwezi wa kumi na moja, hana karatasi, na uso ulikuwa hautambuliki tena. Wakamfunga katika mkeka, wakamzika kwa heshima, wakaitunza saa yake ili siku moja ndugu zake waijue. Mungu awabariki watu wale. Sévère alipoiona tu akasema hii ni ya Onesphore.

Na kweli, dada, hata weye ungeapa. Ile ile saa ya wapiga mbizi ya marehemu Papa: kubwa, uso mweusi, namba za kijani zinazong'aa gizani, na ile pete inayozunguka pembeni ya kioo. Juu ya pete, pale panapokaa tone linalong'aa, palikuwa na tundu tu. Tone limeanguka. Nyumba nzima inalijua tundu lile. Papa alikuwa akisema tone lake lilianguka ziwani alipokuwa akizamia, Papa ambaye alikuwa haogelei hata kwenye beseni!

Mama akaweka kidole kwenye lile tundu. Sikutegemea kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mama yangu. Majirani wakaja mbio, mikeka ikatandikwa uwanjani, moto ukawashwa, kilio kikaanza. Nami nililia, dada. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Sasa dhambi yangu. Mwaka wa tisini na moja, nikiwa bado najifunza ufundi, saa ya Papa ilianza kuchelewa, akanipa niitazame. Unajua alivyoringa nayo: ya Uswisi, inashuka mita mia mbili chini ya maji! Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta Uswisi iko usoni tu. Ndani palikuwa na mashine ya Kichina, nyembamba, ya kutia ufunguo kwa mkono. Ilikuwa saa ya kuigiza, iliyotengenezwa ifanane na zile za zamani. Ningeifunga tu ninyamaze. Lakini bisibisi iliteleza mkononi, ikavunja ekseli ya lile gurudumu dogo linalocheza huku na huku, ambalo ndilo moyo wa saa.

Nilifanya nini? Nilichukua mashine ya saa mbovu ya Kirusi, ya mwalimu mmoja, nikaiingiza humo. Ilikuwa ndogo, ikawa inacheza ndani, basi nikakata pete kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga nikaizungushia ikae. Vijiguu vinavyoushika ule uso mweusi havikuingia, nikavikata, nikaugandisha kwa gundi. Kwenye mashine ile kumeandikwa 17 na neno la Kirusi ambalo herufi yake ya mwisho ni N iliyogeuzwa, imevaa kofia. Papa aliivaa miaka minne mpaka alipotuaga. Alikuwa ananiwekea sikioni: "Sikia mulio huo! Wale wazungu hawabahatishe!" Nami nikasema, "Ndiyo, Papa." Akamrithisha Onesphore, nikanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Nasikia unavyonifokea kutoka huko: mjinga weye, mbona hukuifungua siku ile ile? Kwanza Mama aliifunga kwenye kitenge, kifuani, hakumpa mtu. Pili, na hili naliandika kwa aibu, niliogopa. Ikiwa imefungwa, ningeweza bado kujidanganya kidogo. Nikiifungua nikute kopo langu la maziwa, basi kaka amekufa na shahidi ni mkono wangu mwenyewe. Siku tano nilikaa na watu, nikila chakula cha msiba, nikikwepa macho ya Mama.

Ijumaa alasiri, kama saa tisa hivi, Mama aliitoa akaiweka sikioni. Ilikuwa imenyamaza. Akaninyooshea: "Mathieu, tia ufunguo. Isinyamaze nayo."

Niliipokea. Kabla sijagusa kile kifundo cha kutilia ufunguo, nikasikia kitu kizito kinateleza ndani, kinazunguka, grrr, kinatulia. Dada, mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Zile saa zinazojijaza zenyewe, unapotembea mkono ukicheza, zina chuma cha nusu mwezi kinachozunguka humo. Saa ya Papa haikuwa nacho kamwe, si ya Kichina niliyoivunja, wala ya Kirusi niliyoiba.

Nilileta meza yangu hapo hapo uwanjani, mbele ya watu wote. Waliona nimerukwa na akili. Nikafungua kifuniko. Nusu mwezi hiyo hapo, inaning'inia! Chini yake mashine ya Kichina, nzima, haijaguswa. Hakuna kopo. Hakuna gundi. Hakuna N ya kofia. Nilitazama kwa lupe, kile kioo changu cha kukuzia, mara tatu, na mara ya tatu sikuona kitu kwa sababu ya machozi.

Na lile tundu la tone? Acha nijicheke. Saa hizi za kuigiza zote matone yake yanaanguka, gundi yao ni uji. Mimi mwenyewe nimeshatengeneza nne au tano zenye tundu lile lile. Nilijua hayo yote, lakini msiba ulipogusa nyumba yetu, ufundi ulinitoka kichwani.

Ikabidi niungame, mbele ya Mama, majirani na katekista: kopo la maziwa, saa ya mwalimu, miaka minne ya kumwitikia Papa. Mama akanitazama sana. Halafu akasema, "Yaani baba yako alikuwa anaringia watu na kopo ya maziwa?" Akacheka, dada. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanipiga ngumi ya bega, kisha akalia upya, kilio kingine. Wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wakaanza kukunja mikeka.

"Acheni mikeka," Mama akasema. Watu wakasimama. "Huyu mutoto waliyemuzika kule, iko wa nani?"

Tulikuwa tumefurahi, na furaha yetu ilikuwa juu ya kaburi la mtoto wa watu. Mama akakaa tena pale pale alipokuwa. "Miye nimemulilia siku tano. Muntu haachwe katikati."

Basi tukamaliza siku saba. Misa ya Jumatatu haikufutwa, padri alimwombea kijana aliyezikwa Lubarika. Wengi walirudi, hata ambao mwanzo walikuja kwa ajili ya chai tu. Sévère alikuja na mchele, akiomba msamaha, na Mama akamwambia asiombe, kwa sababu yeye alileta alichokiona.

Sitaki nikudanganye juu ya kaka. Saa hii haisemi kwamba yuko hai. Inasema tu kwamba aliyelala Lubarika si yeye. Nilimweleza Mama hivyo, polepole, nikidhani hajaelewa. Akaniambia hali ya kutokujua ameizoea, anaweza kuibeba, bora nisimtwike tena lisilo lake. Kwa hiyo nakuomba, kila wapya wanapofika kambini, nenda ukatazame. Uliza watu wa Luberizi. Ukimwona, mkumbatie, halafu mpige kofi moja kwa niaba yangu kwa miezi mitano hii, umwambie aandike.

Kuna kazi nyingine, nayo ni ya Mama. Sisi mafundi tukifungua saa huwa tunakwaruza alama ndogo ndani ya kifuniko, ili siku nyingine tujue nani aliingia humo na lini. Ndani ya saa hii kuna alama: Ndk 6/97. Huyo ni mzee Ndikumana, aliyenifundisha kazi. Si uliniandikia kwamba yuko huko kwenu, anatengeneza radio sokoni? Mwendee. Sura za watu anazisahau, lakini saa aliyoifungua haisahau hata moja. Mwambie saa ya wapiga mbizi inayojijaza yenyewe, tone limeanguka, mwezi wa sita miaka miwili iliyopita, na kioo kina mkwaruzo mrefu karibu na namba nne. Aseme alimtengenezea nani. Inawezekana mama wa kijana huyo anapanga nawe foleni ya unga kila wiki.

Ukimpata, usimwambie njiani. Nenda kwake na Bertrand, mkae, mkipewa chakula mle, ndipo mseme. Saa yake iko kwangu, nimeitia mafuta, inatembea. Siiuzi, hata aje nani.

Barua hii nampa Agnès wa paruwasi, yule wa kanisani, anakuja huko kesho kutwa akipitia Bujumbura. Nisalimie shemeji Bertrand, mwambie shati lake aliloliacha nalivaa na limenikaa vizuri kuliko yeye. Mbusu Bella. Louise anakusalimu, anasema mtoto akiwa wa kike ataitwa kwa jina lako, ila awe na subira kuliko wewe. Mungu awakinge na mvua ya huko, na siku moja atuketishe sote kwenye ugali mmoja.

Mama yuko hapa kando yangu, anachambua maharage. Amenizuia kufunga barua mpaka niandike maneno yake kwa yule mama, wala nisiyatengeneze. Haya ndiyo:

"Mwambieni, mutoto wake alililiwa siku saba, na uwanja ulijaa watu. Tulimulilia kwa jina la Onesphore kwa sababu lake hatukulijua. Atutumie jina, tumulilie tena."

Mdogo wako akupendaye sana,
Mathieu