Mkono Juu ya Sataranji

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa mtaani Baba Dogo sote tu wazima. Babu yako ametangaza soko zima la Gikomba kwamba unachezea taifa, ila hakutaja sataranji. Wauza mitumba wanauliza umefunga mabao mangapi.

Unauliza utamkabili vipi mpinzani anayekuzidi. Nilipoichezea Kenya sataranji ugenini, timu yetu haikuwa imeshinda hata mchezo mmoja. Katikati ya mchezo mpinzani wangu, mama mzee, alininyooshea mkono. Niliinuka, nikaupokea kwa mikono miwili kama tulivyolelewa, nikamuuliza habari za watoto wake, kisha nikaketi kutafuta pa kumficha mfalme wangu.

"Dada, inuka!" nahodha wetu alininong'oneza. "Amekubali kushindwa!"

Labda mama yule aliona hatari nisiyoiona mimi. Labda, sina hakika, alikuwa na njaa tu. Kwa hiyo usiharakishe kusalimu amri. Huwezi kujua mwenzako anatamani chakula cha mchana kiasi gani.

Nyanya yako akupendaye