Mshale Ulianguka, Nikaandika Umesimama

Arusha

Mama yangu mpendwa,

Mugonile. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Vipi wewe, dawa za presha unazimeza, au bado unangoja mpaka kichwa kianze kuuma? Na upepo wa huko Kyimo, migomba imesalimika?

Mama, nakuandikia kabla Mjomba hajakupigia. Nimeondolewa kazini. Atakwambia sijui kusoma geji. Najua.

Tajiri wetu alitaka kununua ndege ndogo iliyokwisha kutumika, na Mjomba, fundi wake, ndiye aliyeambiwa aipime injini. Nilikaa pembeni yake na daftari, nisome presha ya oili. Injini ilipokuwa ya baridi mshale ulisimama vizuri kwenye kijani, maana oili ya baridi ni nzito. Ilipopata moto, Mjomba akaipunguza mwendo, mshale ukaanguka mpaka kwenye nyekundu. Alipozima, mwenye ndege, yule aliyekuwa akiiuza, akaja kuuliza. Nikasema kwa sauti yangu hii ndogo unayoijua, "Presha imeshuka."

"Ya kwako au ya ndege?" akacheka. "Jamani, mpeni binti soda!"

Wakacheka wote, hata Mjomba. Kisha yule mtu akasema, "Geji hiyo imechoka tu, fundi."

Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba geji hailaumiwi kabla hujafunga nyingine ukalinganisha. Siku ile hakufunga. Tulipobaki wawili tukakata filta ya oili, nikamwonyesha vichembe vya chuma vikimetameta kwenye mikunjo ya karatasi. Akavitazama, akajifuta mikono.

"Atu, ndege isiponunuliwa, mimi nitakuwa fundi wa nini? Andika ile namba ya baridi."

Nikaandika. Mlitulea kwamba mkubwa habishiwi, nami sikubisha.

Ndege ikanunuliwa. Haikupita hata mwezi, injini ikafunguliwa, beringi zimelika vibaya. Tajiri akashika daftari. "Huu mwandiko wa nani?" Mjomba akanitazama, mama, akanitazama kabisa, ndipo akajibu, "Wa huyu mtoto. Bado anajifunza." Nikavua ovaroli, nikaikabidhi.

Sijifanyi sina kosa. Mkono ulioandika ni wangu, na rubani aliruka na injini ile akiamini namba yangu. Hilo linaniuma kuliko kufukuzwa.

Nisalimie bibi, na kaka Lusekelo anayechuma chai, na shangazi wa Ibighi aliyenishonea sketi ya safari. Wao waambie narudi tu, basi.

Mjomba akipiga, mshukuru kwa chakula na mahali pa kulala, alinipa bila kuninyanyasa. Lakini nakujua, utaanza, "Kaka, mtoto amekuaibisha, tusamehe." Nakuomba sana, mama, hilo usiliseme. Nyamaza tu, umsikilize yeye atasema nini.

Ni mimi mwanao,
Atupele