Mashimo Mawili kwa Siku

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa mazoea, ingawa marahaba yako ile ya kuvuta sitaisikia tena.

Nipo Kitura, kwenye shamba lako la mlimani. Unakumbuka tulivyokuwa tukilima ngolo, yale mashimo ya kutega maji ya mvua? Baba alifyeka na kupanga nyasi miraba miraba, nawe ukachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo. Alipofariki ukafanya yote peke yako. Mashimo mawili tu kwa siku, halafu unakung'uta jembe. "Yanatosha. Kesho ipo." Nilikucheka, Mama. Nikasema kwa mwendo huo utamaliza kilima siku ya kiama. Ulicheka kuliko mimi.

Mimi nilitaka makubwa. Mwaka juzi nilipanda kutoka Mbamba Bay na vibarua sita, tukapiga matuta ya kuteremka kilima kizima kwa siku mbili. Nikapiga picha, nikawarushia wenzangu wa ofisini. Ulisimama na fimbo yako ukaniuliza taratibu, "Mvua ikija, mwanangu, itasimama wapi?" Nikakujibu kwamba dunia imebadilika.

Mvua ilikuja. Ilishuka na mahindi, mbolea na udongo wako mweusi mpaka mtoni. Aibu ikanishika, hata simu nikawa napiga kwa nadra. Nilijiambia nitarudi nikiwa na jambo kubwa la kukuonyesha. Dada alinieleza kwamba hukunilaumu. Ulichukua jembe ukaanza upya, mawili leo, mawili kesho, mpaka ulipougua. Nilifika siku ya mazishi, mikono mitupu.

Miezi miwili sasa naja kila Jumamosi. Mgongo unauma na mashimo yangu yamepinda, ila ya mwezi huu hayajapinda kama ya mwezi uliopita. Ungeyaona ungenitania. Naumia, Mama, kwamba sikukuomba radhi hata mara moja.

Shimo lako la mwisho nililikuta nyasi za ukingo wake zimefukiwa upande mmoja, za upande mwingine zipo wazi. Nimekuwa nikilipita, naogopa kuligusa. Leo nimefukia nyasi za upande uliobaki, nikapanda maharage juu yake, nikakung'uta jembe. Nikasema, "Yanatosha." Yale maneno yako mengine mawili, "Kesho ipo," bado sijayasema.

Lala salama, Mama.

Mimi kitindamimba wako