Mabega ya Saida na Usukani wa Baiskeli

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua Zena anayekusomea atakuwa ameisoma mbio hiyo ya kwanza. Hujambo huko Ujiji? Goti linasemaje, uvimbe umeshuka au bado linakutabiria mvua? Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe, na upepo wa Dodoma nao mzima kupita kiasi. Juzi ulimvua mteja wangu kofia pale barazani, tukaikuta mtaa wa pili mbuzi anaionja.

Simu nimeikwepa kwa makusudi. Kwenye simu wewe ndiye unayesema. Kwenye karatasi nitasema mimi mpaka nimalize. Zena mdogo wangu, msomee Mama polepole, kwa sauti, na usiongeze yako.

Najua aliyokuletea Mama Rehema, jirani yetu. Alipita hapa na basi, akamwona mkweo Saida kwenye barabara ya Makutupora, ameinama juu ya baiskeli ya mashindano kama panzi, akakuletea habari moto moto. Kisha ukasikia vidole vya Saida vinakufa ganzi. Ukajumlisha mwenyewe ukatoa hukumu: baiskeli iuzwe kabla mke wangu hajawa kilema. Hukumu nimeipokea, Mama. Sasa sikiliza utetezi.

Nguo zake za kuendeshea tuzimalize kwanza. Ile suruali na lile shati refu nimevishona mimi, na ushungi unakaa chini ya kofia ngumu bila kuchungulia. Shehe wetu wa mtaa ameniuliza kitambaa nimekipata wapi. Hapo hamna kesi.

Vidole ni kweli, na hapo ulikuwa na haki ya kuogopa. Saida ni msusi, vidole ndiyo jembe lake. Kila Jumamosi akirudi kuendesha, kidole cha mwisho na jirani yake havina habari, mikono yote miwili. Akishika nywele zinamponyoka. Kuna mwalimu mmoja alikuja kusukwa twende kilioni, misuko yote ielekee upande mmoja, akajitazama kwenye kioo akasema, "Saida mwanangu, mbona huku wengine wanaenda kilioni na wengine wanarudi?" Saluni nzima ikacheka. Saida hakucheka. Alirudi nyumbani akaniambia neno moja: "Uza."

Sasa kwa nini sikuuza siku ile ile? Wewe ulikuwepo tulipomzika mtoto wetu. Ulikaa nasi, ukarudi Ujiji ukijua Saida amepoa. Hakupoa, Mama. Alikuwa anasuka, anapika, anaitikia salamu, basi. Mimi na maneno yangu yote niliyookota Dar, Mombasa mpaka Lubumbashi, sikuweza kumtoa hata tabasamu la kukopa. Ndipo mteja wake mmoja aliyekuwa anahama nchi akamwachia baiskeli ya mumewe, baiskeli nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja, usukani wake umekunjwa kama pembe za kondoo dume. Saida akaipanda kama mchezo. Siku ya kwanza alirudi na vumbi mpaka kwenye meno, akaonja mchuzi niliopika akanigombeza kwa chumvi. Alinigombeza, Mama! Nilikaa chini nikala ule mchuzi wote kwa furaha. Mke wangu alikuwa amerudi.

Kitu hicho ndicho nikiuze?

Nikampeleka kwa Yona, fundi baiskeli, Mgogo wa Mkonze, mtu mpole wa sura lakini ulimi wake pilipili. Yona hakuangalia vidole hata kidogo. Alimwambia apande, akatazama viwiko.

"Mbona umetanua mabawa kama kuku anayeota jua?" akamuuliza.

Akatueleza. Ule usukani ulikuwa wa mwenye baiskeli wa kwanza, baba mmoja mrefu mwenye mabega kama mlango wa ghala. Saida akiushika, mikono inakwenda kando, viganja vinapinda, uzito wote unaangukia ukingo wa kiganja, na hapo ndipo unapopita mshipa wa vile vidole viwili. "Usukani unafuata mabega," akasema. "Mabega yake sentimita ngapi?"

Mama, unamjua mwanao. "Arobaini na mbili!" nikajibu kabla hajafunga mdomo. Mabega ya mke wangu nayajua kwa moyo, magauni yake yote nimeshona mimi! Nimeishia darasa la sita, lakini kwa futi kamba hakuna profesa wa kunisogelea. Yona akaagiza usukani wa arobaini na mbili kutoka Dar, ukaja na basi, akaufunga.

Jumamosi Saida akaenda, akarudi, akatundika kofia kwenye msumari.

"Vipi?" nikauliza.

"Zamani vilikuwa maiti. Sasa ni nusu maiti. Mwambie Mama nimekubali, iuzwe."

Nilitoka hapo mpaka kwa Yona nikiwa nimevimba. Nikamwambia usukani wake mbovu. Akaendelea kupaka mnyororo mafuta, hata hakuinua kichwa.

"Rama, ulimpima mtu au ulipima gauni?"

"Wewe! Mabega ya nusu ya maofisa wa mji huu nimeyapima mimi!"

"Najua. Na wote wanatembea wamevaa makoti."

Mama, nilimwomba radhi. Mimi! Andika hiyo ukutani. Maana nilisikia sauti ya marehemu Baba akinifundisha pale barazani kwetu: mshono wa bega uvuke mfupa kidogo, kisha acha nafasi, mwanamke ainue mkono, asonge ugali, abebe mtoto, asisikie kitambaa kinamvuta. Mimi nafasi naiacha bila kufikiri, kama ninavyopumua. Ile arobaini na mbili ilikuwa na Saida ndani yake, na juu yake nafasi ya Baba. Nilikuwa nimeishonea baiskeli gauni!

Basi Saida akaja kibandani kwangu, nikamsimamisha, mgongo kwenye mlango. Nikapapasa kwa kidole pale juu kabisa, bega linapoishia, mpaka nikaukuta mfupa, nikatia alama ya chaki. Upande wa pili hivyo hivyo. Mfupa kwa mfupa: thelathini na saba na nusu. Yona, aliyekuwa amenifuata, akasema tuchukue thelathini na nane, na akanionya kabisa kwamba usukani unapimwa katikati ya bomba mpaka katikati ya bomba, si ukingo kwa ukingo, nisije nikamletea habari nyingine za ushonaji.

Hapo nikapandisha hasira. "Thelathini na nane? Kifua kitabanwa! Atapumulia wapi?"

"Napumua kwa pua, Rama," Saida akasema. "Usukani nashika tu."

Wateja wangu waligongana mikono kwa kucheka. Nikaona basi, kama mwembamba ndiyo dawa, tutie hata thelathini na sita tumalize maneno. Yona akakataa. Alisema ukiubana kupita mabega baiskeli inakuwa na wasiwasi, lori likikupita na upepo huu wa kwetu, gurudumu linatikisika, unajikuta shambani kwa watu. Usukani uwe wake yeye, si wa jitu, si wa mtoto.

Yona alipofunga ule wa thelathini na nane, Saida akaniwekea sharti. Ataenda mara moja tu. Vidole vikifa, nauza, na nisimtajie tena baiskeli maisha yangu yote. Nikakubali.

Jumamosi hiyo nilimfuata kwa baiskeli yangu ya kubebea vitambaa. Mama, ningeweza kumpita, ila niliona si adabu. Kwa kuwa nilikuwa nyuma, na kila dakika nyuma zaidi, nilimwona vizuri: viwiko vimeingia ndani, mabega yameshuka, upepo wa ubavuni unampiga na yeye anakwenda tu, mstari mmoja, kama mkasi kwenye kitambaa kizuri. Kisha akawa nukta. Kisha sikumwona.

Nilimkuta Makutupora, ameegemeza baiskeli pale wanapouza zabibu kando ya barabara. Mimi nahema kwa kelele kama cherehani isiyotiwa mafuta. Niliogopa kuuliza. Alivua glavu, akajitazama mikono muda mrefu. Halafu akaninyooshea mkono kwenye ukosi wa shati langu, ambako huwa nimechomeka sindano hata nikienda msikitini, akaichomoa pamoja na uzi wake. Akauvuta uzi ukatoka. Akaulowesha ncha mdomoni. Katika upepo ule, Mama, sindano kaibana kwa vile vidole viwili vya mwisho, akautia uzi mara moja. Akauchomoa, akahamisha sindano mkono wa pili, akatia tena.

Mama muuza zabibu akashangaa. "Huyu anashona nini barabarani?"

"Ananishonea mdomo," nikamjibu.

"Mdomo huo?" Saida akasema. "Uzi huu hautoshi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikageuka kuangalia mashamba, nikasingizia vumbi limeniingia machoni.

Kwa hiyo baiskeli haiuzwi, Mama. Mwalimu wa twende kilioni amerudi kusukwa, na safari hii msafara wote umeelekea upande mmoja. Sikatai kwamba ulimwonea huruma mkweo. Nakuomba tu huruma hiyo iendelee, sasa kwa kumwachia baiskeli yake.

Wasalimie wote. Baba mkubwa mwenye mashine ya kusaga, mwambie kanzu yake nimeshaikata na nafasi nimeacha, yeye anahitaji. Shangazi Mwamini mlezi wangu, mwambie namkumbuka kwa vitumbua. Kaka Juma kinyozi, mwambie asimnyoe mtu akiwa amenuna. Mama Rehema mpe salamu za pekee. Akipita tena Dodoma apunge mkono, Saida atampungia kwa mmoja na kushika usukani kwa mwingine. Na wewe Zena, ahsante kwa sauti yako.

Ni mimi mwanao, mrithi wa mkasi wa Baba,
Ramadhani

Zena, hapa mwandiko unabadilika, usishtuke.

Mama, shikamoo. Ni mimi Saida. Mwanao ametia chumvi nyingi humu, lakini habari ya vidole ni kweli, na kalamu hii nimeishika mwenyewe. Najua uliniogopea, nami sijachukia. Ukiniambia tena niuze, nitauza. Ila kabla hujaniambia, niulize kwanza Jumamosi ile nilipomwacha Rama nyuma nilipita wapi na niliona nini.