Rubisi Ambayo Haijaonjwa

Jumatatu, 4 Machi
Koku ametafuna karatasi sasa hivi. Nimegeuka kukoroga uji tu, narudi, mdomo mweusi kwa wino. Kala kichwa chote cha makala yangu ya migomba. Mwaka mmoja na miezi minne, tayari msomi. Nimemtoa vipande kwa kidole, akaning'ata. Kilichobaki kinatosha: majivu na pilipili vinatibu mnyauko. Niliipata mwenyewe kwenye hifadhi ya makala za utafiti mtandaoni, kwa kompyuta ya steshenari ninayofanyia kazi hapa Muleba. Kiingereza cha kidato cha pili na kamusi. Najisikia profesa.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe kakubali! Bwana shamba alishamwambia ang'oe migomba minne inayoumwa, isiambukize kibanja kizima, shamba letu la nyumbani. Nimesema asubiri, sayansi imeongea. Katwanga pilipili, nyumba nzima tunapiga chafya. Koku anacheka kila chafya.

Alhamisi, 7 Machi
Mgomba wa tano umenyauka. Kibanja ndicho chakula chetu. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Mteja wangu, dada anayesoma chuo Bukoba, kaomba aione hiyo makala. Nikachapa upya. Juu kabisa, palepale alipokula Koku, pameandikwa: bado haijapitiwa na wataalamu wengine. Dada kanieleza. Mwandishi anaiweka mtandaoni mapema, wenzake hawajaikagua. Si uongo, ila si hakika. Kwenye kutafuta zinatokea pamoja na zilizokaguliwa, mpaka uchague zilizopitiwa tu.
Mwanangu alikula onyo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekiri. Nilitegemea matusi.
"Kumbe ni rubisi ambayo haijaonjwa," mama mkwe kasema. "Na wewe umeshawamiminia wageni!"
Kweli. Hapa pombe ya ndizi haimfikii mgeni kabla aliyeipika hajaionja, na wazee baada yake. Kaelewa haraka kuliko mimi na kamusi yangu. Kachukua panga. Tumeng'oa yote mitano. Nimelia.
"Lia huku unabeba, Mama Koku."

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada. Migomba iliyobaki inaonekana mizima. Nimepita steshenari kutafuta tena, zilizopitiwa tu: panga lipitishwe motoni, ua la chini ya mkungu likatwe mapema.
"Hiyo imeonjwa?" mama mkwe kauliza.
Imeonjwa. Tumekata maua yote, Koku kabeba moja kama mdoli. Mama mkwe anataka nimtafutie na makala ya mibuni, ila nianze kusoma pale juu kabisa. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Kesho nikifika kazini nitaanza na—
Mama mkwe ananiita, Koku kapata karatasi nyingine!