Mgeni wa Bi Zuhura Alipodaiwa Kodi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku Lindi mvua haikatiki, lakini mimi mzima, na tangu jana nimekuwa mtu wa huku. Sikiliza.

Karani wa kodi alipita nyumba kwa nyumba hapa Rasbura, mtaa ninaokaa. Nikamwambia mimi raia wa Sultani, kwetu Unguja, kodi ya Tanganyika hainihusu. Akanijibu kwa upole: "Kodi haiulizi kitovu chako kimezikwa wapi, bwana. Mpita njia hatumdai. Anayefanya kazi na kulala hapa, hulipa hapa."

Nikaona pa kutokea. Nikasema mimi ni mgeni tu wa Bi Zuhura, mwenye nyumba. Useremala wangu wa bandarini sikuutaja.

Kumbe Bi Zuhura yuko jikoni anasikia! Akatoka na mwiko mkononi, amekasirika. "Mgeni nani? Miezi minne anakula kwangu, milango yote kanitengenezea yeye! Huyu mwanangu. Andika!"

Karani akacheka mpaka miwani ikamdondoka, akaandika. Nikalipa, nikapewa stakabadhi yenye mhuri: Idi, mwana wa Bi Zuhura.

Maskini Bi Zuhura, alipofahamu kuwa maneno yake ndiyo yaliyonilipisha, alilia kweli. Akapika muhogo na samaki wa nazi, kichwa cha samaki akanipa mimi. Ningemlaumu vipi?

Magoti yako yakandwe kwa maji ya moto, usipuuze. Na usione wivu, mama. Siku naondoka uliniuliza, "Huko utakuwa na nani?" Sasa serikali imekujibu, na mhuri imepiga.

Mwanao, wako kwanza,
Idi